Mashine ya Kuonea Samaki

Jumatatu, 4 Agosti

Imefika! Mashine ya kuonea samaki. Iko juu ya meza ya chakula hapa ninapoandika. Kioo kikubwa kama sahani, waya za betri, na kidude cheusi kinachozamishwa majini kusikiliza. Aliyenipa alikitaja kwa jina refu. Mimi nakiita sikio.

Niandike sababu. Jana Baba mkwe alituita sebuleni kwake, mimi na mwanyumba wangu, yaani yule aliyeoa dada wa mke wangu. Akatangaza kwamba mgongo umemshinda na daktari amempiga marufuku kuvua. Boti ni moja. Waume wa binti zake ni wawili. Basi kila mmoja atapewa siku ya kutega nyavu ziwani, yeye akitazama tu. Mwanyumba Alhamisi, mimi Jumamosi. Jumapili atasema boti ni ya nani.

Miaka kumi na moja nimepanda boti ile. Kazi yangu humo ni kuchota maji yanayovuja. Mwanyumba anashika injini, anatega, anainua, na anaitwa "mwanangu." Mimi naitwa "bwana yule." Bwana yule, lete ndoo. Bwana yule, sogea huko. Kumi na moja! Mtoto aliyezaliwa siku ya harusi yangu yuko darasa la tano na ana jina. Inaniuma, na sioni haya kuandika kwamba inaniuma. Naitaka boti, ndiyo. Lakini zaidi nataka mzee yule aniite mwanangu mbele ya mwanyumba, kwa sauti, siku ambayo hakuna upepo wa kulipeperusha neno.

Mwanyumba anapima kina cha maji kwa kamba yenye mafundo na kipande cha risasi mwishoni. Karne hii! Anazamisha, anahesabu mafundo, anatangaza. Mimi nitakuwa na kioo.

Nimeipata kwa kubadilishana na televisheni yetu. Mke wangu nimemwambia televisheni iko kwa fundi. Si uongo mtupu. Siku moja ingeharibika.

Halafu mashine inajua Kiswahili! Ina lugha kumi na nane, na ya kumi na saba ni yetu. Kiswahili chenyewe kinachechemea, lakini ni chetu. Nilipoiwasha tu ikauliza: ONYESHO, NDIYO au HAPANA. Swali gani hilo? Nani anatafuta kioo halafu anakataa onyesho? Nikabonyeza NDIYO. Papo hapo samaki wakajaa! Wakubwa, wadogo, wanapita mmoja baada ya mwingine. Hapa hapa mezani! Nilishtuka kidogo, kisha nikaelewa. Mashine ina kumbukumbu. Hawa ni samaki wa mwenyewe wa zamani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga sikio kwenye boti. Karatasi ya maelekezo inasema libandikwe nyuma, chini ya maji, "mahali patulivu." Nimelibandika kando ya panga la injini, kwa kuwa ndipo nilipofika bila kulowa. Gundi ni ya fundi viatu. Ikishika imeshika. Waya nimeufunga pamoja na waya za injini, fundo moja safi, vitu visizagae.

Baba mkwe hajui habari ya mashine. Ataiona Jumamosi na ataduwaa. Nilimwambia nakwenda kusugua boti. Akampigia mke wangu simu kuuliza kama nina homa.

Saa nne nikatoka peke yangu ziwani. Samaki kila mahali! Nikatupa ndoano. Hakuna. Nikasogea. Samaki zaidi! Hakuna. Yuko mmoja mkubwa anayefuatwa na wadogo watatu, anapita chini ya boti kila baada ya dakika nne. Nimehakikisha kwa saa. Nimempa jina, Mwenyekiti. Amenizungusha ziwa zima. Nikienda penye mawe, Mwenyekiti yupo. Nikienda kwenye matete, Mwenyekiti ametangulia na wajumbe wake watatu. Samaki gani ana mbio kuliko injini?

Saa nane nikarudi mikono mitupu, shingo imeungua kwa jua. Nikaivuta boti mchangani. Nikainama kuzima mashine, na Mwenyekiti akapita.

Boti ilikuwa nchi kavu.

Kumbukumbu ya mashine hii si ya kawaida.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi mke wangu aliikuta mashine mezani inawaka. Akasimama na sufuria mkononi, akawatazama samaki wakipita, akauliza maji yako wapi. Nikamweleza habari ya kumbukumbu. Akasema hata yeye ana kumbukumbu, na anakumbuka televisheni yake ilikuwa na ukubwa gani na ilikaa ukuta upi. Sauti yake sikuipenda. Nikaona heri niwahi kwa fundi wa redio.

Fundi wa redio ana kibanda chenye nafasi ya mtu mmoja na redio mia. Aliitazama mashine kwa nusu dakika. Akacheka kwa dakika tatu. Kisha akabonyeza ONYESHO: HAPANA, na samaki wangu wote wakatoweka kwa mpigo, Mwenyekiti akiwa mbele. Kioo kikabaki na vistari viwili. Akanieleza kwamba hilo onyesho si kuonyesha, ni onyesho kama la jukwaani. Samaki wa kuigiza, wa kuwavutia wateja dukani. Nikamwambia basi wangeandika MAIGIZO, mtu ajue moja. Akasema kuuliza si ujinga. Nikamjibu kwamba mimi si mjinga, ndiyo maana sikuuliza.

Akiwa ananikunjia waya, akasema jana mke wangu alipita kuuliza televisheni imefikia wapi. Nikamuuliza alimjibu nini. Alimjibu ukweli! Kwamba hajaiona tangu alipoitengeneza swichi mwaka juzi. Mafundi wa siku hizi hawana siri.

Kwa hiyo asubuhi alikuwa anajua. Na sufuria ile mkononi!

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali. Mke wangu alivuta kiti, akakaa kuutazama ukuta, pale palipobaki mstatili mweupe, akautazama kwa muda wa tamthilia nzima pamoja na matangazo yake. Nikasimama mbele yake kumweleza kwamba tukipata boti tutakuwa na televisheni mbili. Akaniomba nisimzibie.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya mwanyumba. Nami nimekwenda kuchota maji kama kawaida, maana boti haijui nani yuko kwenye mtihani.

Ni mtindo wao uleule. Mwanyumba anazamisha kamba yake ya mafundo, Baba mkwe anapaza sauti, Pima! Mwanyumba anajibu, Nane! Wanasogea. Pima! Saba! Amri na jibu, amri na jibu, utadhani wako kambini. Miaka kumi na moja nasikia amri hiyo, na kila mara mwanyumba anakuwa ameshapima tayari. Sijui mzee anaamrisha nini tena.

Walitega alfajiri wakainua saa tano. Makreti manne yamejaa. Manne! Baba mkwe amesema "mwanangu" mara tatu, nimehesabu. Mwanangu, umetega vizuri. Mwanangu, angalia mkono. Mwanangu, kunywa maji. Hata maji ya kunywa! Mimi nilikuwa na maji ndoo nzima na hakuna aliyeniambia ninywe. Njiani aliona kile kidude cheusi nyuma ya boti akauliza ni nini. Nikamwambia kiraka. Akasema bwana yule anaanza kuwa na maana.

Mchana nikabaki peke yangu na boti. Nikawasha mashine boti ikiwa majini, onyesho likiwa HAPANA. Sasa ukweli. Na ukweli ulikuwa kioo kizima kimejaa madoa kama mchele uliomwagika. Nikaingia kwenye mipangilio. Nikakuta HISIA: 100. Hisia! Nikajua mashine imeumizwa na mambo ya jana kwa fundi. Nikazishusha hadi 20. Mchele ukaondoka, na ziwa likaondoka nalo. Nikapandisha hadi 60. Mchele ukarudi. Chini yake pameandikwa KELELE: KATA. Nikanyamaza kabisa. Haikusaidia.

Nikampigia fundi wa redio. Akauliza nikizima injini madoa yanabaki? Nikazima. Yakaondoka! Akauliza waya umepita wapi. Nikamweleza kuhusu fundo langu safi. Akashusha pumzi. Akasema waya ukilala na waya za injini, mashine inaisikia injini badala ya maji. Akauliza sikio nimelibandika wapi. Nikamweleza. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba kando ya panga ni povu tupu, na sikio halisikii kitu kwenye povu. Nilitoe, nilihamishie upande wa pili.

Gundi ya fundi viatu haitoki. Nilijaribu bisibisi. Nikaazima patasi. Hatimaye sikio limetoka, zima kabisa, bila mkwaruzo.

Limetoka na kipande cha boti.

Nimeziba kwa gundi iliyobaki, sabuni ya kipande na mkono wa shati. Inavuja kidogo zaidi ya zamani. Kuchota maji ni fani yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Inaona! Inaona! Inaona!

Nimehamisha sikio, nimetenganisha waya, nimetoka ziwani saa tatu maji yakiwa yametulia. Mchele umekwisha. Kioo kimenionyesha sakafu ya ziwa, mstari mzito unaopanda na kushuka. Magugu yamesimama kama nywele. Kisha vijipinde vidogo, kimoja, viwili, saba. Nikatupa ndoano na nikamtoa samaki wa kweli, mwenye magamba, aliyenipiga kofi. Nilikaa kitako botini nikacheka peke yangu. Miaka yote hii nimekaa juu ya maji haya nikitazama sakafu ya boti, kumbe huko chini kuna milima.

Kilibaki kitu kimoja. Kina. Lazima nijue samaki wako chini kiasi gani, maana nyavu zetu huning'inia kwa kamba kutoka kwenye maboya, na ukikosea urefu wa kamba, samaki wanapita chini yako wanakucheka.

Nikafungua KINA. Pameandikwa maneno matatu: MITA, FUTI, PIMA. Ilikuwa kwenye MITA.

Hapa mtu mwingine angeingia mtegoni. Mimi baada ya yale ya ONYESHO nimekuwa mtu wa kutafakari. Nikaweka mashine chini. Nikatafakari. Mita ni kipimo. Futi ni kipimo. Pima ni amri. Maana yake wanauliza: unataka tu kutajiwa mita, unataka kutajiwa futi, au unataka mashine ipime kweli? Kumbe siku zote ilikuwa inakisia! Nikabonyeza PIMA. Na namba ikabadilika hapo hapo, kutoka kumi na moja hadi sita. Unaona? Ilikuwa inakosea karibu mara mbili. Mita sita, za kupimwa.

Nilitaka kumpigia fundi wa redio kumweleza nilivyogundua. Nikaacha. Angecheka tena, na vicheko vyake ni virefu.

Jioni nimenunua tepu mpya ya seremala, ya chuma, ya mita kumi. Mke wangu ameiona akauliza hiyo nayo imebadilishwa na nini. Akaenda kukagua redio yake kama ipo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yangu!

Tumetoka saa tisa alasiri. Baba mkwe amekaa mbele, mikono kifuani, uso kama mlango uliofungwa. Mwanyumba nyuma na ndoo. Ndiyo, leo ndoo ilikuwa kwake! Tena alikuwa na kazi, maana sabuni imeanza kuyeyuka. Nikaondoa turubai juu ya mashine. Baba mkwe akauliza mbona nimeleta televisheni botini. Nilikaribia kujibu.

Nikamweleza ni mashine ya kuona samaki. Akasema samaki hutafutwa kwa akili. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya kumtega mtu, hapo tulipo kuna ngapi. Nikatazama. Sita, nikasema. Akaitwaa ile kamba ya mwanyumba, akaizamisha mwenyewe na mgongo wake mbovu, akahesabu mafundo. Akahesabu tena.

"Pima sita," akasema.

Nikamwambia nimeshapima, Baba.

Tukasogea. Akauliza tena. Nne. Kamba ikazama. Nne! Tukasogea. Saba na nusu. Akazamisha, akavuta, akatazama lile fundo la saba na kipande kilichozidi. Mlango ukafunguka. Akahama mbele akaja kukaa karibu yangu, goti kwa goti, akatazama kioo. Nikamwonyesha milima. Akasema pale pana gogo alilolijua tangu ujana wake na hakuwahi kuliona. Akaligusa kwa kidole kwenye kioo.

Halafu wakaja. Kundi zito, vijipinde vimebanana. Chini kumi na mbili, samaki kwenye tisa. Nikatangaza tisa! Baba mkwe akasema basi kamba za maboya ziwe tisa. Nikatoa tepu yangu nikaanza kukata. Mita tisa, tisa, tisa, sawasawa kabisa, hakuna hata moja iliyozidi kidole. Mzee alikuwa bado anakodolea kioo. Mwanyumba akaitazama tepu, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikamwambia maneno yapungue na maji yapungue. Akafunga mdomo, akaendelea na ndoo yake, na sikupenda alivyokuwa anatabasamu.

Yeye Alhamisi aliinua saa tano siku ileile. Mimi nimesema zangu zilale hadi kesho, wajae vizuri. Nimewaalika watu wote waje gatini kushuhudia.

Tuliposhuka, mke wangu akitusubiri gatini, Baba mkwe alinishika bega kupata mhimili. Akasema, mbele ya mwanyumba, hewa imetulia kabisa, "Asante, mwanangu."

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nimevaa ndala.

Jumapili, 10 Agosti

Samaki mmoja.

Mmoja! Tena mdogo, wa kuombwa radhi na kurudishwa.

Wote walikuwapo. Baba mkwe na mwanyumba wamo botini pamoja nami, mke wangu, dada yake na majirani wamejipanga gatini na makreti matupu waliyokuja nayo kwa ahadi yangu. Tuliukokota wavu kutoka kilindini, tukauinua hatua chache tu kutoka gatini, hivyo hakuna aliyekosa kuona. Wavu ukapanda. Maji, maji, jani, maji. Nikasema wako mwishoni. Mwisho ukafika.

Baba mkwe alichukua kamba moja ya boya, akanyoosha mikono yake kuipima, mara moja, mbili, tatu, nne. Ya tano haikutimia. Akauliza nimekata ngapi. Nikasema tisa. Akauliza tisa za nini. Nikamwonyesha tepu.

Aliitazama tepu ile kama mtu aliyeletewa kiatu kwenye sahani. Akauliza mashine ilisema tisa za nini. Nikamwambia mita, Baba, nimebonyeza PIMA ili ipime vizuri. Mwanyumba alikaa juu ya ndoo ghafla. Baba mkwe akauliza, polepole, tangu nilipopanda boti yake, alipokuwa anasema pima, mimi nilidhani anasema nini. Nikamwambia ukweli. Nilidhani anaamrisha.

Mwanyumba akapiga yowe la kicheko mpaka bata wakaruka kwenye matete. Likapita gatini, likaenda kwa majirani, likarudi.

Baba mkwe akasema asiyejua maana haambiwi maana. Akanitazama tena, akasema hapana, huyu aambiwe, tumechelewa miaka kumi na moja. Akanisimamisha. Akaninyoosha mikono yote miwili, kulia na kushoto, kama nguo iliyoanikwa. Akaonyesha kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kidole kile, mbele za watu wote. Hii, akasema, ndiyo pima. Pima moja. Karibu mita mbili. Watu walikuwa wanapima maji hivi kabla babu yake hajazaliwa, na mashine yako, bwana, inajua, ila wewe hujui.

Yaani samaki walikuwa pima tisa. Mimi nikatundika nyavu katikati ya maji matupu. Usiku kucha wamepita chini yake, wote, pengine na Mwenyekiti halisi akiwaongoza.

Hukumu ikatolewa pale pale. Boti ni ya mwanyumba. Nilijua, lakini kusikia ni kitu kingine. Nikatazama maji.

Ila mzee akaendelea. Akasema mashine haikudanganya hata mara moja, imelingana na kamba kila alipoijaribu, na amependa kuliona gogo lake. Kwa hiyo mwanyumba atatega na kukata kamba, na mimi nitakaa kwenye kioo nisome namba kwa sauti. Kazi ya kudumu. Sharti ni moja, tepu isipande boti. Ndoo nayo? Ndoo tutapokezana.

Mwanyumba akanipa mkono. Akasema karibu kazini, Bwana Pima. Baba mkwe akacheka akarudia, Bwana Pima. Hadi tunaondoka gatini watu ambao hata siwafahamu walikuwa wananisalimu hivyo, wamenyoosha mikono. Mke wangu amecheka njia nzima, kicheko cha kwanza tangu televisheni iondoke. Nilimwambia nilitaka kuitwa mwanangu. Akaacha kucheka, akanishika mkono, akasema uliitwa, jana, nilisikia. Tukatembea. Baadaye kidogo akasema lakini televisheni yangu irudi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala na jambo hili kichwani na nimeamka na akili safi.

Kosa langu ni nini? Kosa langu ni kwamba sikulijua neno moja. Sasa nalijua. Somo limeisha. Nimeinyoosha mikono yangu mbele ya kioo cha bafuni mara kadhaa, na ni pima nzuri tu.

Kesho ni safari ya kwanza ya mwanyumba kama mwenye boti. Baba mkwe hatakuwapo, anapumzisha mgongo. Mwanyumba kapiga simu kuniagiza. Nikitaja namba, yeye anakata kamba kwa kunyoosha mikono yake, namba ileile, bila maswali, bila tepu, bila tafakari zangu. Neno "tafakari" alilisema kwa dharau. Mimi msoma namba! Mtu amesimama kwenye kioo, anaona mpaka milima, halafu anapaza sauti: tisa. Tisa ni namba ya nini? Tisa ni umri wa mtoto. Ndiyo maana hawaniheshimu.

Kwa hiyo mchana huu nimetoka na boti peke yangu, nimefungua KINA, nimetulia, na safari hii nimechagua kitu ninachokijua barabara. FUTI. Pale pale palipokuwa tisa pameandikwa hamsini na nne. Hamsini na nne! Namba ya mtu mzima! Ziwa limekuwa ziwa.

Mwanyumba sijamwambia. Alipouliza abebe kamba kiasi gani, nimemjibu abebe yote aliyonayo, na aazime kwa jirani. Kesho nitaisoma kwa sauti kubwa, gati zima lisikie.